Cherehani ya bibi, baiskeli ya babu, karabai: ichorwe kwa staili gani ya rangi za maji?

Kazi yangu ni fremu, hapa Majengo Dodoma. Kuchora sijui, ila picha zinapita mikononi mwangu kila siku, na siku hizi naona watu wengi wanataka kitu kimoja: ile mashine ya zamani ya nyumbani kwao, iwe cherehani, karabai, baiskeli, pasi ya mkaa au saa ya ukutani, ichorwe kwa rangi za maji kwa undani kabisa, kila nati ionekane, afu itundikwe sebuleni. Shida inaanza pale mchoraji anapouliza unataka staili ipi, mtu anajibu we chora tu iwe nzuri. Hapo ndo hela inapotea, maana kuna staili tatu na hazifanani hata kidogo, na kila moja inapendeza kwa mashine ya aina yake na inaiua mashine nyingine.

Kabla hujauliza bei, iangalie hiyo mashine yako ujiulize uzuri wake uko kwenye ngozi au kwenye mifupa. Cherehani ya Singer uzuri wake ni ngozi, yaani ule weusi unaong'aa na yale maua ya dhahabu yaliyofutika kwa kushikwa. Baiskeli uzuri wake ni mifupa, ukiifunika na rangi nyingi umeipoteza.

Tuanze na rangi tupu, yaani mchoro usio na mstari wa wino hata mmoja. Mchoraji anachora na penseli kwa mbali sana, afu anapandisha rangi nyembamba juu ya rangi nyembamba, anasubiri ikauke, anapandisha nyingine, mpaka chuma kinakuwa chuma. Nyeupe haipakwi. Ule mng'ao unaouona kwenye gurudumu la cherehani ni karatasi yenyewe imeachwa wazi, kwa hiyo mchoraji lazima ajue tangu mwanzo mwanga utakaa wapi, akiteleza akapaka pale ndo basi, atakwangua na wembe au apake nyeupe ya chupa na wewe utaiona tu, inakuwa kama plasta.

Wamarekani waliifanya hii staili kwa wingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kuanzia 1935 mpaka 1942, wakati uchumi wao umelala, serikali yao iliwalipa wachoraji waliokosa kazi wazunguke kuchora vitu vya zamani vya nyumbani, na michoro zaidi ya 18,000 iko National Gallery of Art pale Washington, mingi unaiona mtandaoni bure na kuipakua. Picha za rangi za kamera zilikuwa bado changa na ghali, ndo maana wakatumia brashi. Mle ndani tafuta vibubu vya chuma vya watoto, vile ambavyo ukiweka sarafu sanamu inasogea yenyewe. Kuta haina, meza haina, kuna kitu chenyewe na kivuli kidogo chini, na rangi iliyobanduka imechorwa imebanduka hivo hivo. Mi kila nikipata mteja ambaye hajui anataka nini namfungulia hizo kwenye simu kwanza, na nusu ya maswali yanaisha hapo.

Sasa Singer. Ukiwa na cherehani nyeusi ya zamani, zile ambazo nyingi zilitoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilichofungwa 1980, chagua rangi tupu, usibishane. Ule weusi wake ni rangi iliyookwa kwenye tanuri, na ukiutazama vizuri sio mweusi: upande wa dirisha una bluu, chini karibu na mbao una kahawia, na kwenye mgongo wa mkono kuna mstari mweupe mrefu wa mwanga. Mchoraji mzuri hachukui nyeusi ya tyubu kabisa, anachanganya bluu ya ultramarine na kahawia ya burnt sienna anapata weusi ambao una uhai, na anaweza kuusogeza uende baridi upande huu na joto upande ule. Yale madoido ya dhahabu nayo hayapakwi dhahabu. Rangi ya dhahabu ya dukani ukisimama upande mmoja inang'aa, ukihamia upande mwingine inakuwa kijivu kama tope. Anayejua anatumia okra ya njano na kahawia nzito pembeni yake, anaacha nukta chache zikiwa karibu na karatasi, na jicho lako lenyewe linasema hii dhahabu.

Angalia hasa ule ukingo wa mbele wa kitako, pale kitambaa kinapopita na vidole vya mshonaji vinapokaa. Kwenye mashine iliyofanya kazi kweli, maua ya pale yamefutika, wakati ya nyuma bado yapo mazima. Mchoro ukionyesha maua yote sawa sawa mbele na nyuma basi mchoraji hakuitazama mashine yako, ametoa picha ya katalogi. Kuna mama mmoja mshonaji wa Chang'ombe, aliletewa zawadi na wanae, nikaifungua mbele yake nisikie. Nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, macho yako kwenye picha. Akakaa kimya kidogo afu akasema, "Imependeza, ila huyu hajawahi kushona. Uzi haujapita kwenye hiki kichuma kinachopanda na kushuka, hapa ukikanyaga unakatika hapo hapo." Na kweli, uzi ulikuwa umeshuka moja kwa moja mpaka kwenye sindano. Wanae walicheka, mimi nikajifunza kipimo kizuri cha mchoro wa mashine: jiulize kama ingefanya kazi.

Karabai nayo ni ya rangi tupu, labda kuliko hata Singer. Lile tangi la chini la mviringo likisuguliwa linaonyesha chumba kizima kimejikunja ndani yake, dirisha limepinda, mlango umepinda, mtu aliyesimama kawa mwembamba. Wino hauwezi hiyo kitu. Mstari wa wino ukiuzungusha kwenye tangi unakata mng'ao na chuma kinageuka kuwa chungu cha udongo. Kama bajeti yako inaruhusu mchoro mmoja tu wa ghali maishani na nyumbani kwenu kuna karabai ya Petromax yenye historia, weka hela pale.

Pasi ya mkaa pia inakubali, hasa zile zenye jogoo kwenye komeo, ila hiyo hata mchoraji wa kati anaiweza, umbo lake ni rahisi na kutu inasaidia kuficha. Kutu ya kweli lakini haikai sawa kila mahali, inaanzia kwenye skrubu na kwenye maungio ambako maji hubaki. Kutu iliyopakwa kama poda mwili mzima ni ya uongo.

Ubaya wa rangi tupu ni muda na hali ya hewa yetu. Mchoro mmoja wa cherehani unaweza kumla mtu wiki nzima, kwa hiyo ndo ghali kuliko zote, na hapa Dodoma kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa inakuwa kavu na upepo juu, rangi inakauka kabla hajamaliza kuitandaza, inaacha mistari migumu katikati ya sehemu ambayo ilitakiwa iwe laini. Wengine wanalowesha karatasi nyuma na mbele au wanafanya kazi alfajiri. Ukiona mgongo wa mashine una michirizi kama ramani ya mito ujue kilichotokea, na kama mchoraji anakuambia nipe muda zaidi mpe.

Staili ya pili ni wino na rangi nyepesi juu yake. Hapa mstari ndo bosi, rangi inakuja kutia ladha tu. Na hii ndo ya baiskeli, sina mjadala. Baiskeli za zamani za Kiingereza kama Raleigh zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, hebu fikiria mtu aache nyuzi 72 nyeupe za karatasi katikati ya kivuli bila kutetereka mkono. Kuna gundi ya kuficha, unapaka mahali unapotaka pabaki peupe afu unaibandua, lakini kwa kitu chembamba kama spoku inaacha kingo nene zilizovimba. Kwa wino mchoraji anavuta mstari mmoja safi anaondoka. Cheni, breki za vyuma, keria ya nyuma, vyote ni mistari.

Ila kwenye baiskeli kuna mtego ambao unakamata wengi. Spoku haziendi moja kwa moja kutoka katikati kwenda kwenye ringi kama miale ya jua inavyochorwa na watoto. Zinatoka kwenye habu zikiwa zimelala pembeni, nusu zinaelekea mbele nusu nyuma, zinapishana njiani, ndo maana gurudumu linavumilia ukikanyaga pedeli. Mchoro wenye miale ya jua urudishe. Tazama pia matairi kama baiskeli imechorwa kwa pembe: duara likigeuka yai, zile ncha zake mbili lazima bado ziwe za mviringo, zikichongoka tu baiskeli nzima inaonekana imekanyagwa na lori.

Taipureta, zile za mezani nzito kama Underwood No. 5 iliyotoka 1900, nayo ni ya wino. Vile vikono vyake vya herufi vimekaa wazi vimejipanga nusu duara, ni mifupa mitupu, na herufi za kwenye vitufe bila kalamu zinakuwa vidoti.

Wino ni nafuu kuliko rangi tupu na unavumilia mchoraji wa kawaida, ila uliza swali moja: wino gani? Uwe wa pigmenti usioyeyuka kwa maji. Kuna vijana wanatumia kalamu ya kawaida ya biki maana inateleza vizuri kwenye karatasi, inapendeza ikiwa mpya, afu ikikaa ukutani inapauka inageuka zambarau ya ajabu. Na wino unaoyeyuka ukipitishiwa brashi unachafua rangi yote, ule uchafu wengine wanauuza kama "staili". Mi siununui.

Staili ya tatu ndo watu wengi hawaijui na mi naipenda kupita kiasi, kwa hiyo nivumilieni. Ni ule mchoro wa kiwandani: mashine inaonekana upande mmoja tu, imenyooka, haina pembe ya mbali wala karibu, vipimo ni vya kweli, na rangi imetandazwa sawa bila mbwembwe. Miaka ya 1800, kabla zile kopi za karatasi ya bluu hazijashika viwanda, wachoraji wa viwanda vya Uingereza walipaka rangi za maji ili fundi ajue kila kipande ni cha kitu gani. Chuma cha kusubu kilipakwa kijivu cha Payne, chuma cha kufua kikapakwa bluu ya Prussia, chuma cha pua zambarau, shaba ya njano ikapakwa rangi inaitwa gamboge inayotokana na utomvu wa mti wa kule Asia, mbao ikapakwa kahawia. Kwa hiyo rangi ilikuwa inasema kitu, na leo ukiuning'iniza ukutani bado inasema, mtu akisogea karibu anaanza kuuliza hii zambarau ni nini.

Na wazo lenyewe ni la zamani zaidi ya hapo. Al-Jazari, fundi wa mashine aliyekuwa anafanya kazi kwa watawala wa Diyarbakir, alimaliza kitabu chake mwaka 1206 kikiwa na michoro ya rangi ya saa za maji na pampu, ikiwemo ile saa maarufu ya tembo. Kivuli hakuna, umbali hakuna, lakini unafuata na kidole maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Alitaka uelewe, habari ya kukudanganya kwamba kitu kiko mbele yako hakuwa nayo.

Staili hii ni ya saa iliyofunguliwa, magurudumu yake ya ndani, ya pampu, ya kinu, na ya treni. Hapa kwetu treni ina maana yake, reli ya Mjerumani ilifika Dodoma 1910 na mji ukakua pembeni yake, na tangu SGR ianze 2024 naona watu wanakumbuka injini za zamani ghafla. Mtu akitaka injini ya moshi namwambia usichore kwa rangi tupu, vipande ni vingi mno utamuua mchoraji, na wino utakupa msitu. Kwa mchoro wa kiwandani injini inalala ubavu mzima, kila gurudumu duara kamili. Zile injini kubwa za moshi aina ya Garratt, za kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zilizokuja Afrika Mashariki 1955 na 1956 zilipewa majina ya milima, na mojawapo, 5918 Mount Gelai, bado iko makumbusho ya reli Nairobi ikiwa na jina la mlima wa kwetu Tanzania. Ubavu wake mwekundu wa damu ya mzee, magurudumu yamejipanga makundi mawili, hiyo kwenye karatasi ndefu ya kulala inabeba ukuta wa ofisi peke yake.

Ubaya wake ni kwamba inahitaji vipimo. Mchoraji anatakiwa aje na rula kwenye mashine yako au apate michoro ya asili, na akikisia inaonekana haraka, maana hakuna kivuli cha kumfichia. Na kwa mtu anayetaka hisia, anayetaka kumkumbuka bibi, hii staili ni baridi. Mteja mmoja alichorewa cherehani ya mama yake hivi, kazi safi kabisa, akaiangalia akasema inafanana na karatasi ya dukani ya kuuzia. Nilimwelewa.

Kama uko kati ya mbili, kwa mfano saa ya ukutani ambayo ina kabati zuri la mbao nje na mashine nzuri ndani, chagua upande mmoja. Kabati na uso wa saa viende kwa rangi tupu mlango ukiwa umefungwa, au mashine ya ndani iende kwa mchoro wa kiwandani. Nimeona majaribio ya kuchanganya vyote kwenye karatasi moja na kila mara mbao zinameza mashine.

Halafu kuna hii biashara ya picha za akili mnemba zinazouzwa kama rangi za maji, zimeprintiwa kwenye karatasi yenye mikunjo ukigusa unaamini. Sina ugomvi na printi, mtu akitaka printi ya mchoro wa kweli ni sawa kabisa, na kama ukuta wako unapigwa na jua la saa tisa printi ndo chaguo la akili, ikiharibika unatoa nyingine, mradi imetolewa kwa wino wa pigmenti. Lakini hizo za kutengenezwa zikague kwenye meno. Magurudumu mawili ya meno yakikutana meno ya huku lazima yaingie kwenye mapengo ya kule. Fuata cheni mpaka mwisho, fuata mkanda kama unapita kwenye mfereji wa gurudumu, hesabu vikono. Mara nyingi unakuta spoku imeishia hewani au jina la mashine ni herufi ambazo hazisomeki.

Karatasi: ya pamba, gramu 300, na kwa michoro ya undani iwe ile laini iliyobanwa kwa moto, ile yenye vinundu inakatisha mistari midogo. Za stationari za kawaida zinageuka njano, usikubali, hata kama mchoraji anasema za pamba mpaka aagize Dar, subiri. Kwenye rangi, za udongo hazina wasiwasi, okra na kahawia ni oksidi za chuma, ukoo mmoja na ule wekundu wa michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa ambao bado upo. Wa kuogopa ni wekundu wa alizarin na ile gamboge ya asili, vinapauka kwenye mwanga, na leo kuna mbadala wa vyote viwili. Mchoraji makini atakuonyesha tyubu bila kununa.

Kwenye fremu ndo eneo langu kwa hiyo nitakuwa mkali. Kioo kisiguse mchoro, weka maunti, ile kadi nene inayozunguka picha, isiyo na asidi. Selotepu nyuma ya mchoro hapana, ikizeeka inaacha doa la mafuta linatokea mbele. Nyuma ya fremu zibeni pembeni zote kwa tepu ya karatasi, vumbi letu linapita penye tundu la sindano. Na mchwa, jamani, mchwa wa Dodoma wanapanda ukutani kimya kimya nyuma ya fremu na unakuja kujua mchoro umebaki nusu, kwa hiyo weka vipande vidogo vya mpira kwenye kona za nyuma ili fremu isigandamane na ukuta na uwe unaichungulia.

Cha mwisho ni picha ya simu utakayompa mchoraji kama mashine haiwezi kusafiri, labda iko Mpwapwa kwa shangazi. Usipige na flashi, inaua vivuli vyote na inaweka doa jeupe katikati. Itoe barazani penye kivuli mwanga uje upande mmoja, rudi nyuma hatua kadhaa afu vuta kwa zumu, maana ukisogea sana simu inavimbisha mbele ya mashine na mchoraji atachora hilo vimbe kama lilivyo. Piga nzima, afu piga karibu: jina la kiwanda, namba, mahali palipochakaa, uzi unavyopita. Na mwambie shangazi asiifute mafuta kwanza.